Kompyuta Haijui Gari ya Mzee Wangu

Wasee, vidio inakuja Ijumaa. Lakini kuna sehemu ya hii stori ambayo haiingii kwa vidio, so leo mtanisoma.

Wengine wenu mmekuwa na mimi tangu nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Mnajua baba yangu hakupenda. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba karo ya hiyo miaka miwili ilibebwa na gari moja. Peugeot 504 pikapu, nyeupe ya zamani, namba plate inaanza na KAB. Kwetu ni Njabini, Kinangop. Hiyo Pijo ndiyo hutoa viazi na kabeji shambani na kuzipeleka Soko Mjinga, pale barabara ya Nakuru. Kila semista ilikuwa ni hesabu ya magunia.

Nilipoacha chuo, mzee hakunigombeza. Alinyamaza tu. Miezi saba hakunipigia simu hata mara moja. Habari zangu alikuwa anapata kwa mathe.

Halafu Jumatatu moja asubuhi, simu ikalia.

"Mama," akasema. Mimi nimepewa jina la mamake, kwa hivyo hata akikasirika vipi, kwake mimi ni mama. "Wewe si unakaa kwa intaneti siku mzima? Nitafutie wota pampu ya Pijo. Hapa Njabini hakuna. Naivasha pia nimeuliza, hakuna."

Hakuuliza niko aje. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu niache chuo aniombe kitu. Nikamwambia, "Sawa baba, kufika jioni nitakuwa nimeipata."

Jioni. Manze, nilijiamini sana.

Kwanza niliingia kwa simu. Nikapata pampu za Peugeot za juzi juzi, za 308 na ndugu zake. Ya 504 ilikuwa moja, na ilikuwa Ufaransa. Ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, ni afadhali ununue ng'ombe. Na ingefika baada ya wiki kadhaa. Viazi vikishachimbwa havingoji wiki kadhaa.

Kesho yake nikaenda duka moja la spea la kisasa hapa Nairobi. Sitalitaja, sitaki kesi. Ni lile duka la vioo na hewa baridi, mafuta ya injini yamepangwa kwa shelfu kama marashi. Kijana wa kaunta alikuwa rika langu.

"Karibu madam. Ni ya gari gani?"

"Peugeot 504."

Akaandika. "Unamaanisha 508?"

"504. Pikapu."

"Ya mwaka gani?"

"1992."

Akateremsha ile orodha kwa skrini, akateremsha, ikaisha. "Miaka hapa inaanzia 2001. Uko na namba ya chasisi?"

Nikamsomea kutoka picha ya logbuku. Akaandika herufi kwa herufi. Kompyuta ikafikiria kidogo, halafu ikakataa.

"Madam, hii gari haiko."

"Iko," nikamwambia. "Imepaki nyuma ya nyumba yetu."

Akacheka, nikacheka. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye anajua magari, labda mzee au kaka yangu, wanaweza ongea naye. Hapo niliacha kucheka.

Lakini nikitulia, simlaumu. Fikirieni hesabu ya mwenye duka. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Kwa hivyo gari nyingi mtaani ni zile zimetoka Japani zikiwa na umri huo: Premio, Fielder, Demio, Note. Ukiweka pampu ya Fielder kwa shelfu, ndani ya wiki imeondoka. Ukiweka ya 504, hiyo ni pesa imelala ikishika vumbi. Mfumo wa kompyuta nao unajua tu kile umelishwa. Hakuna mtu alikaa chini akaulisha gari ya baba yangu.

Kitu kinaniuma ni kwamba 504 si mgeni hapa. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwa matope yetu wenyewe. Pikapu zake ziliunganishwa hapa hapa Mombasa. Zile za stesheni wagoni ziliwabeba wazazi wetu kwa safari ndefu kabla mimi na wewe tuzaliwe. Hii gari imelisha hii nchi. Halafu unaambiwa kwa kaunta kwamba haiko.

Duka la pili, hakuna. Duka la tatu, jamaa akatoa pampu fulani, akaiangalia, akaniangalia, akasema maneno mabaya kuliko yote kwa biashara ya spea: "Inafanana."

"Inafanana ama ni yenyewe?"

"Ni kitu moja. Mwambie fundi aongeze gasketi."

Nikatoa 4,500. Hiyo ilikuwa pesa ya tangazo langu la kwanza la maana mwezi huo. Nikaituma na matatu ya Njabini, nikampigia mzee nikijisikia mtoto bora duniani.

Saa kumi akanipigia. "Mama, matundu ya bolti hayalingani." Kimya. Halafu: "Uliendaje kutafuta kitu bila kubeba kitu?"

Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza. Nilijua kile alikuwa anafikiria, ama nilidhani najua: huyu hata pampu imemshinda. Na siku zote hizo gari ilikuwa imesimama. Injini ya 504 ina hedi ya alumini. Ukiiendesha bila maji kuzunguka, hedi inajipinda, gasketi inaungua, na sasa hauongei tena mambo ya pampu, unaongea mambo ya kuuza shamba. Mzee alikuwa anakodisha kanta ya jirani kupeleka viazi, na faida yote ilikuwa inaishia kwa hiyo kanta.

Alhamisi pampu ya zamani ikanifikia na matatu, imefungwa kwa gazeti, bado inanuka grisi. Nikaibeba hadi Kirinyaga Road, ile wazee bado huita Grogan.

Kama haujafika huko, jiandae. Barabara imejaa milango, taa, injini zimekaa chini kama kuku wa kuuzwa, na kila mtu anakuita. "Siste, unatafuta nini? Madam, kuja hapa." Nikauliza watu kama saba. Wengine waliangalia pampu wakarudisha. Mmoja akaniambia niuze gari yote kama chuma kuukuu, atanipea bei poa.

Halafu mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo, nje ya kibanda kisicho na hata jina, akaniita bila kuinuka.

"Msichana, hiyo ni ya Pijo. Ya 504. Lete."

Hakuuliza mwaka. Hakuuliza chasisi.

"Mzee, unayo?"

"Sina. Na hauhitaji."

Akaishika, akazungusha shafti na vidole, akaisogeza karibu na sikio langu. Ilikuwa na sauti kama mchanga. "Hiyo ni beringi." Akaigeuza akanionyesha kitundu kidogo chini yake, kimezungukwa na kutu. "Hapa maji yakianza kutoka, ujue sili imekufa. Hicho kitundu kiliwekwa kikuambie. Lakini chuma yenyewe iko sawa. Hii haijafa, ni mgonjwa."

Kisha akanifundisha kitu ambacho miaka miwili ya chuo haikunifundisha, ingawa kwa haki nilikuwa nasoma biashara. Alisema namba ya beringi haijali gari. Beringi ikiandikwa 6203, hiyo ni shimo la milimita 17, upana wa nje 40, unene 12. Iwe iko kwa gari, kwa mota ya kinu cha posho ama kwa mashine ya kufulia, kipimo ni kile kile, dunia nzima. Akafuta grisi kwa zile beringi za pampu yetu, namba zikatokea, nikaziandika kwa simu. Sili akaipima kipenyo, akaniandikia kwa kadibodi. Akanielekeza kwa duka linalouza beringi tu.

Huko hakuna mtu aliniuliza ni ya gari gani. Nilisoma namba, jamaa akageuka, akavuta droo, akaweka mbili kwa kaunta. Dakika moja. Nilisimama hapo kama mjinga. Siku tatu nilikuwa nauliza "ni ya gari gani", kumbe swali lilikuwa "ni ya kipimo gani".

Beringi mbili 900. Sili 300. Fundi wa lethi, mtaa wa nyuma, alitoa shafti na kurudisha kila kitu kwa 800. Nikarudi kwa mzee. Akachukua karatasi ya gasketi, akailaza juu ya uso wa pampu, akagonga ukingoni polepole na nyundo ndogo hadi umbo likajikata lenyewe, pamoja na matundu ya bolti. Akaitisha 200. Jumla 2,200. Ile "inafanana" ya 4,500 bado iko chini ya kitanda changu, mwenye anaitaka aseme.

Nikamuuliza mzee alisomea wapi. Akasema hakusoma, alikuja hii barabara kutumwa chai na mafundi. Nikamuuliza kama ameandika mahali hizi vitu anajua. Akagonga paji la uso. Na vijana, hawaji kujifunza? Akasema wanakuja, lakini wanataka ile mashine unachomeka kwa gari inakuambia ugonjwa. "Gari hii haina mahali pa kuchomeka," akasema. "Hii unaiskiza."

Nikamuomba nimpige vidio. Akakataa uso. "Piga mikono," akasema. Hiyo ndiyo mtaona Ijumaa, dakika nne za mikono.

Sasa, najua wengi wenu hamna Pijo. Lakini wengi wenu mko na mzee mahali, na huyo mzee ako na kitu kinatembea ambacho hakuna kompyuta inakijua. Inaweza kuwa Datsun, Land Rover, trekta, hata cherehani ya cucu. Fanyeni hivi kabla kiharibike, si baada:

Usiende kununua na jina la gari peke yake. Beba kitu chenyewe kilichoharibika.

Kioshe kwanza. Namba nyingi zimefichwa na grisi, na hiyo namba ndiyo kitambulisho chake.

Ukiambiwa "inafanana", zilaze mbili pamoja, matundu juu ya matundu. Kama muuzaji hataki ulinganishe, toka.

Uliza kama kinaweza kurekebishwa kabla uulize kama kipya kinapatikana.

Na uandike. Beringi gani, sili gani, mkanda wa feni urefu gani. Mzee wa Grogan ako na maktaba mzima kwa kichwa, na hakuna nakala. Siku atakosa kuja kuketi kwa ile ndoo, gari kama yetu itakuwa haiko kweli, na sio kwa sababu spea zimeisha. Kama sisi ndio tunakaa kwa intaneti siku mzima, basi hiyo kazi ni yetu. Hizo maduka za vioo hazitatufanyia.

Pampu ilifika Njabini Ijumaa jioni. Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikalia. Nikashika, hakuna mtu anaongea. Nilisikia tu injini ikinguruma. Alikuwa ameweka simu juu ya bampa.

Baadaye akaichukua. "Unaskia?"

"Naskia, baba."

"Imekaa nusu saa. Hakuna hata tone." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, injini ikaendelea kuongea badala yetu. Kisha akasema, "Hizo namba za beringi, uliandika?"

"Niliandika."

"Nitumie. Nitabandika ndani ya boneti."

Nilidhani amekata. Hakuwa amekata.

"Na mama," akasema, "hii kabureta pia imekuwa ikinisumbua. Nikutumie lini?"