Bobi Hakuwa Mzee Tu, Alikuwa Anaumwa

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa. Wengine watashangaa, lakini tangu baba wa watoto alipofariki, Bobi ndiye aliyekuwa akitulinda hapa Naviundu, mjini Lubumbashi. Umeme ukikatika na mtaa wote ukawa giza, mtu akigusa geti tu, yeye ndiye aliyetuamsha.

Kisha akaanza kuchelewa kuinuka. Ilikuwa Juni. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, hata kama mchana jua limewaka. Asubuhi Bobi alitanguliza miguu ya mbele, akakaa kwanza, ndipo akajikokota. Kucha zilikuwa zimerefuka kwa sababu hatembei, zikawa zinateleza kwenye sementi. Goti la nyuma alililamba mpaka manyoya yakawa na rangi ya kutu. Siku moja mwanangu Furaha alimgusa hapo, naye akanguruma. Bobi, ambaye watoto walikuwa wakimlalia tangu wakiwa wadogo!

Majirani hawakukawia kusema. "Mama Furaha, imbwa yako ilisha kuzeeka, umuache tu." Mmoja, kwa huruma kabisa, aliniletea vidonge vya diklofenaki alivyokuwa akimeza kwa ajili ya mgongo. Nilivipokea kwa heshima nikaviweka kabatini. Biashara yangu ya unga ilikuwa imelala, karo ya shule inadaiwa, na bado moyo wangu ulikataa kumwangalia mnyama aliyetulinda akiteseka uani.

Nilipata daktari wa mifugo kijana, aliyesomea hapa hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alikunja goti la Bobi polepole, kisha akaweka vidole vyangu juu yake. Nilihisi kitu kinakwaruza ndani. Gegedu inayotenganisha mifupa imelika, akaniambia, na haioti tena. Akanionyesha paja la mguu ule lilivyokonda, kwa sababu Bobi alikuwa ameacha kuuwekea uzito. "Mama, kuzeeka si kuumwa. Huyu anaumwa, na maumivu yanatibika."

Nilipomtajia diklofenaki alitikisa kichwa kwa nguvu. Dawa hiyo, na ibuprofeni pia, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo. Yeye aliandika meloksikamu, miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa siku baada ya kula. Siku ya kwanza tu ndiyo dozi maradufu. Akitapika, akikataa chakula au akitoa kinyesi cheusi, niache dawa mara moja nimpigie simu.

Lakini alilosisitiza zaidi halikuwa la duka la dawa. Bobi apungue. Watoto walikuwa wakimmwagia bukari (ugali) yote iliyobaki, na kila kilo ya ziada ilikuwa inalielemea goti lile lile. Tulipunguza bukari, tukamwachia ndakala (dagaa) kidogo. Fundi jirani alinipa paleti ya mbao, nikatandika magunia na blanketi kuukuu, akaacha kulala kwenye sementi. Tukamkata kucha. Jioni, maji yakichemka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, Furaha alilowesha kitambaa, akakijaribu kwanza mkononi mwake, kisha akalikanda goti nacho. Matembezi yakawa mafupi, asubuhi na jioni, badala ya kumchosha Jumapili tu.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Kwanza aliacha kulilamba goti. Baadaye nikamsikia anabweka akiwa getini, si akiwa amelala. Watoto walitoka nje wakipiga makofi, nami nikalia mbele yao bila aibu.

Bado anachechemea baridi ikikaza, na ngazi za barazani hatumruhusu kuziruka. Dawa anaendelea nayo, kwa hiyo mwezi huu namrudisha kwa daktari apimwe damu tujue figo zikoje. Fedha yake nimeshaitenga kwenye mauzo ya unga, kabla ya kununua kitu kingine.