Kuzima Seva ya Nyumbani

Msomaji, huenda nyumbani kwenu mna kisanduku kama changu: kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, ikaayo kimya kando ya televisheni, ikigawa filamu, nyimbo na picha kwa jamaa wote. Watu huiita seva. Ndani ya yangu imo sauti ya marehemu babu akisimulia safari zake. Filamu nitazipata tena; sauti ile haiuzwi dukani. Kwa hiyo nachelea sana mkono wa mtu aizimaye kwa kuchomoa waya ukutani, kana kwamba ni pasi.

Pasi haina siri, seva inayo. Uipapo faili, hukuambia upesi kwamba imepokea, kumbe sehemu ya faili ile ingali katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukatikapo. Diski huandikiwa baadaye kidogo. Tena programu ya filamu hutunza daftari lake la majina na tarehe, na daftari likikatizwa katikati ya kuandikwa laweza kuharibika. Mifumo mingi ya leo hujua kutengeneza mpangilio wa diski baada ya ajali, lakini haiwezi kurudisha neno ambalo halikupata kuandikwa.

Basi mimi kwanza hutazama kama yuko anayenakili kitu, au anayetazama filamu (huyu hunung'unika, lakini hungoja). Kisha huisimamisha programu ya filamu, ifunge daftari lake. Ndipo huiamuru kompyuta ijizime yenyewe. Hapo hufunga programu zilizobaki, humimina diskini yaliyosalia, kisha huiachilia diski. Kama ni diski izungukayo, vichwa vyake, vinavyoelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, hurudi mahali pa kupumzikia. Taa ikizimika, waya na uchomolewe. Kitufe cha mbele, ukikibonyeza mara moja, kwa kawaida huleta uzimaji huo wa taratibu. Ukikishikilia kwa sekunde 4 au zaidi, ni sawa na kuchomoa waya.

Lakini umeme hauombi ruhusa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu Kenya nzima, hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Betri ya akiba hukupa dakika chache, nazo zatosha. Ila wengi husahau kuunga ule waya mdogo uipashao seva habari kwamba umeme umekatika. Pasipo waya huo seva huendelea na kazi bila wasiwasi hata betri ikaisha, ikaanguka kwa kishindo kile kile. Yangu huijaribu mara moja kwa mwaka, mchana: baada ya kunakili yote katika diski ya pili, huchomoa betri ukutani, nikakaa na saa mkononi, nione kama seva itajizima kabla chaji haijaisha.