Jina Jipya Hulipiwa na Nani?

Ukitaka kujua Watanzania wanasoma nini, usiende duka la vitabu mwezi Julai. Nenda kwenye meza ya magazeti, au chungulia simu ya abiria aliyekaa mbele yako. Anasoma usajili. Nani anakuja, nani anaondoka, nani ameonekana uwanja wa ndege kashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Ligi imesimama, hakuna hata bao moja linalofungwa, lakini huo ndio wakati ambao mpira unasomwa kuliko miezi mingine yote.

Mimi ni mwandishi wa habari, umri umeshavuka thelathini, na hizi habari nazisoma kama fasihi. Zina tanzu zake kabisa. Kuna tetesi, ambayo kanuni yake ni kwamba msemaji hatajwi. Kuna utambulisho, unaotolewa saa sita usiku ili watu wasilale. Halafu kuna ile picha ya "Thank You" ambayo klabu humtolea mchezaji anayeachwa. Siku hizi neno hilo limetoka uwanjani na kuingia mtaani. Mtu akipunguzwa kazini au akiachwa na mchumba, utasikia: "Jamaa kapewa Thank You."

Kinachokosekana kwenye hadithi hizi ni hesabu. Tunaambiwa jina jipya limeingia, hatuambiwi limelipiwa na nani. Na simaanishi tajiri aliyetoa hela. Namaanisha yule aliyesogezwa ili nafasi ipatikane.

Chukua Julai 2024. Clatous Chama, Mzambia aliyeingia Simba mwaka 2018, mkataba wake uliisha akavuka barabara kwenda Yanga. Nchi nzima ilisimama. Mashabiki wa Simba walihesabu walichopoteza, wa Yanga walichopata. Wachache walikumbuka kwamba kwa kanuni za misimu ya karibuni klabu ya Ligi Kuu husajili wageni wasiozidi 12. Klabu ikiwa imejaza, mgeni wa 13 hawezi kuingia mpaka mmoja atoke. Kwa hiyo nyuma ya picha ya Chama akiwa na jezi ya kijani, mahali fulani kuna mtu anafungasha begi.

Ndani ya timu nako kuna hesabu nyingine, ya mishahara. Ligi yetu haina ukomo wa mishahara. Kila klabu inalipa kadiri mfuko unavyoruhusu. Lakini hata pasipo na kanuni, wachezaji wanahesabiana. Sakata la Feisal Salum, Fei Toto, lilitufundisha hilo. Mwishoni mwa mwaka 2022 kiungo huyo wa Zanzibar alitaka kuvunja mkataba na Yanga kwa kuweka Shilingi milioni 112. Klabu ikakataa, TFF ikasema bado ni mali ya Yanga, mambo yakazunguka mpaka Rais Samia akatia neno, na katikati ya 2023 akaenda Azam. Vijiweni watu walikuwa hawabishani sana kuhusu vifungu vya mkataba. Walibishana kuhusu mshahara: mzawa anayecheza kila wiki alipwe ngapi, akiwa anapanda basi moja na mgeni anayelipwa mara kadhaa zaidi yake? Ukimleta mmoja kwa bei kubwa, umegusa utulivu wa waliokuwepo.

Wamarekani waliamua kuliandika jambo hili kwenye sheria. NFL, ligi ya ule mpira wao wa kushika mkononi, iliweka ukomo wa mishahara mwaka 1994. Kila timu inapewa kiasi kilekile cha juu, ukimpa mmoja nyingi wengine watagawana kilichobaki. Na vijana wapya hawanunuliwi kwa mnada. Wanachaguliwa kwa zamu, na timu zilizoboronga msimu uliopita huchagua mapema. Kwetu ni kinyume: aliyeshinda ndiye anayechagua kwanza, aliyeshika mkia anaokota makombo.

Zamu hizo zina mtego wake, na Mtanzania mmoja yumo katika mfano unaotajwa sana. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alichaguliwa wa pili katika NBA, ligi ya kikapu, na Memphis Grizzlies. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol anayecheza nafasi hiyohiyo. Aliyechaguliwa wa tatu aliitwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Kabla ya miaka miwili kwisha, Thabeet alikuwa ameshapelekwa Houston. Watu humlaumu yeye. Mimi huwauliza: aliyekuwa na orodha mkononi ni nani? Kijana hakujichagua.

Nimeyafikiria haya yote nikiwa Wasso, kwenye kamati ya usajili ya timu ya watu wasio na mshahara hata mmoja.

Wasso ni mji mdogo katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Ukitoka Arusha unaamka alfajiri na kufika jioni, iwe umepita Mto wa Mbu na Engaruka mpaka ukaliona Ziwa Natron, au umepanda Karatu ukakatiza hifadhini. Kenya ipo hapo jirani. Wapo Wamasai, Wasonjo, na sisi wengine tulioletwa na kazi: walimu, manesi, askari, wafanyabiashara. Timu yetu ni mchanganyiko huohuo. Kila kiangazi kuna mashindano ya kata, zawadi ni mbuzi na heshima. Mechi nane, nne nyumbani, nne ugenini. Kanuni ni mbili zinazouma: majina 18 tu, na wachezaji kutoka nje ya tarafa wasizidi wawili. Ukomo wetu huo.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti ni mzee anayefanya biashara ya ng'ombe mnadani. Kocha ni mwalimu wa sekondari, wote tunamwita Ticha. Mweka hazina ni nesi, dada ambaye hajawahi kupoteza risiti. Kuna dereva wa Noah. Na mimi nilipewa ukatibu kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, "huyu kazi yake si ndiyo kuandika?"

Michango yote ilifika Sh1,640,000. Nesi akafungua daftari. Jezi 18 kwa 25,000 kila moja, 450,000. Mipira mitatu, 120,000. Ada ya kushiriki, 100,000. Mafuta na gari kwa safari nne, 480,000. Zikabaki 490,000. Posho ni 3,000 kwa kila mchezaji kwa kila mechi, yaani maji, chapati na soda. Watu 18, mechi nane: 432,000. Baki 58,000.

Ndipo mwenyekiti akamtaja mshambuliaji wa Karatu. Kila mtu anayecheza ndondo ukanda huu anamfahamu: mamluki wa kweli, anakuja na viatu vyake na anafunga. Bei yake 300,000, nauli na kula kwake kama 70,000.

"Wanangu," mzee alisema, "timu bila mfungaji ni boma bila ng'ombe. Kuta zipo, ndani hamna kitu."

Nesi hakuinua macho kwenye daftari. "Mzee wangu, kwa heshima zote, huyo mmoja anakula posho ya watu 18. Ukitoa 370,000 kwenye 490,000 zinabaki 120,000. Gawa kwa watu 18 na mechi nane. Kila mtu anapata mia nane na ushee. Hata chapati mbili hazifiki."

"Watavumilia. Wakishinda watasahau njaa."

"Na wasiposhinda?"

Kimya. Dereva akaagiza chai nyingine ya maziwa.

Ticha ndiye aliyegeuza mazungumzo. Alisema msimu uliopita hatukufa kwa kukosa mabao. Tulikufa golini. Kipa wetu mzuri alihamia Arusha kutafuta maisha, na aliyebaki ni kijana wa kidato cha tatu ambaye mpira wa juu akiuona anafumba macho. "Kabla hujatafuta wa kufunga, ziba panapovuja," alisema. Na kipa alikuwa anamjua: kijana wa miaka 19, mikono kama sufuria, ambaye shuleni alikuwa akidaka kila kitu. Shida moja tu. Ni mchungaji, na Julai kiangazi kimeshaanza. Mifugo inasogezwa mbali kufuata maji na majani. Dirisha letu la usajili hufunguka wakati uleule vijana wenye miguu bora wanapoondoka mjini.

Basi tulikwenda bomani, Ticha na mimi. Tulimkuta mzee wake amekaa kivulini na rubega yake nyekundu, fimbo mapajani. Shikamoo, marahaba, habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za watoto. Hayo hayafupishwi. Kijana alisimama kando, hakusema neno. Yeyo wake alileta maziwa. Ticha akaeleza shida yetu kwa Kimasai, mimi nikifuata kwa macho. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nilielewe.

"Siku hiyo anadaka mpira, ng'ombe wangu wanadakwa na nani?"

Nimehudhuria mikutano ya wanahabari mingi ya usajili, sijawahi kusikia swali sahihi kama hilo. Hakutaka pesa ya mtoto. Alitaka kujua pengo linazibwa na nani. Tulikubaliana hivi: siku ya mechi, kijana wa boma la jirani atakaa na mifugo, timu itamlipa 5,000. Mechi nane, 40,000. Mazoezi, mzee alisema hapana, na kwenye hapana yake hapakuwa na mlango wa kurudia. Hiyo ndiyo ada ya uhamisho tuliyolipa, na nadhani ilikuwa ya haki kuliko nyingi ninazozisoma.

Mwenyekiti alinuna siku mbili kisha akakubali. Mshambuliaji wa Karatu alikwenda kuchezea timu nyingine, akatufunga mara moja. Kijana wetu alidaka mechi saba. Ya nane hakuja kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa, na hakuna aliyemlaumu. Mbuzi hatukumchukua. Tulimaliza wa tatu, na posho haikukosekana hata siku moja.

Lakini kabla ya mechi ya kwanza kulikuwa na hesabu ambayo daftari la nesi halikuweza kuifanya. Majina 18 tulikuwa nayo tayari. Kipa alikuwa wa 19.

Aliyetakiwa kutoka kila mtu alimjua na hakuna aliyetaka kumtaja. Kapteni. Beki wa kati, dereva bodaboda, miaka 35, misimu 11 na jezi namba 5. Goti lilikuwa limemwangusha. Msimu uliotangulia alicheza mechi mbili. Ticha alilitamka jina akiangalia sakafu. Halafu wote wakaniangalia mimi. Katibu ndiye anayeandika.

Huku kwetu hakuna utamaduni wa barua kwa mchezaji anayeachwa. Unaona tu jina lako halipo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Nilikataa iwe hivyo kwake. Ila nilijua pia nisichotaka kuandika: yale maneno ya kwenye picha za "Thank You", asante kwa utumishi wako, tunakutakia kila la heri. Unaweza kubadilisha uso na jina, maneno yakabaki vilevile. Barua inayoweza kumfaa mtu yeyote haimwambii mwenyewe kwamba alionekana.

Kwa hiyo niliandika kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Mwaka ambao Noah ilikufa njia ya Soitsambu, yeye alirudi mjini kuchukua pikipiki, akawapeleka wachezaji wawili wawili, mshikaki, anakwenda na kurudi mpaka timu ikatimia uwanjani. Kisha akavaa jezi yenye vumbi akacheza dakika 90. Nikaandika kwamba nafasi yake anaipisha kipa, nikamtaja kipa kwa jina, kwa sababu nilitaka ajue anampisha nani. Mistari minane. Nilitumia usiku mzima.

Nilimpelekea kijiweni kwake, mkononi. Aliisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu, midomo ikitembea. Akaikunja mara nne akaitia mfuko wa ndani wa jaketi.

"Dogo mwenyewe anadaka kweli?"

"Anadaka, kaka."

"Sawa." Akafuta tenki la pikipiki kwa kiganja, ingawa lilikuwa safi. "Ila mwandishi, kwa vile umeikumbuka safari ya Soitsambu. Mafuta ya siku ile sijarudishiwa mpaka leo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jioni nilimweleza nesi. Hakucheka wala hakuuliza, alifungua daftari. Baada ya ujira wa mchungaji tulikuwa tumebaki na 18,000. Aliandika kwa kalamu ya bluu: kapteni, petroli ya Soitsambu, 8,000. Akapiga mstari chini yake, akaandika 10,000, akanipa pesa nimpelekee kabla hajalala.