Kuwasha Moto Usiku wa Mvua Kinangop

Wako watu wengi ambao, kwa kuwa nchi yetu imepitiwa na Ikweta, hudhani kwamba hakuna mahali ndani yake ambapo baridi yaweza kumwua mtu. Mwenye mawazo hayo yampasa kufika Kinangop mwezi wa Julai.

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha, afikapo mahali paitwapo Flyover, huiacha barabara kuu na kushika mkono wa kulia kuelekea Njabini. Huko huingia katika uwanda mpana ulio juu ya Bonde la Ufa, futi 8,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki imesimama milima ya Nyandarua, na kilele chake cha kusini, ambacho nacho huitwa Kinangop, kina urefu wa futi 12,800 hivi. Ni nchi ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Mito yake hulijaza bwawa la Sasumua, ambalo watu wa Nairobi hupata maji kutoka kwake. Lakini mvua hiyo iletayo neema hugeuza udongo wa njia za mashambani kuwa matope, na mwenye gari aliyechelewa aweza kulala njiani.

Ndivyo ilivyotupata sisi watu wanne tulipokwenda kupakia viazi. Jua lilipokuwa likitua, lori lilizama hadi ekseli, mbali na nyumba za watu. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu adhuhuri, na ukungu ulikuwa mzito hata ua wa shamba la jirani haukuonekana. Tulisukuma mpaka nguvu zikatwisha, tukalowa mwili mzima. Taniboi wetu, kijana mwembamba, alitetemeka sana. Kisha maneno yake yakawa mazito kama ya mlevi, naye hakuwa ameonja pombe.

Mzee mmoja aliyefuatana nasi, mkulima wa huko huko, alipomsikia alisema, "Huyu kijana amekwisha shikwa na baridi. Tusipopata moto, hatutamwona asubuhi." Neno lake lilikuwa kweli. Mwili wa binadamu una joto la digrii 37, na likishuka chini ya 35 mtu huanza kupotewa na akili na nguvu. Nguo mbichi pamoja na upepo huweza kumfikisha hapo hata mahali pasipo na barafu.

Dereva alitaka kuwasha jiko la makaa ndani ya gari na kufunga madirisha. Mzee alikataa katakata. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wengi wamelala karibu na jiko katika chumba kilichofungwa wasiamke tena. Dereva akataja petroli. Mzee akakataa pia, kwa kuwa mvuke wake hulipuka na kumwunguza mwashaji.

"Bwana dereva," alisema, "kiberiti kikae mfukoni kwanza. Kuni ndizo za kutafuta."

Hakuokota hata kijiti kimoja kilicholala chini, kwa maana kuni za ardhini hunyonya maji kama sifongo. Alituonyesha matawi makavu yaliyokuwa bado yamening'inia mitini, tukayavunja moja moja. Lililolia "ka!" tulilichukua, lililopinda bila kulia tulilitupa. Kisha akapata kipande cha nguzo kuukuu ya mtarakwa kilichotupwa kando ya ua. Kwa nje kilikuwa kimelowa na kuota kuvu, lakini alipokipasua kwa panga, ndani kilikuwa chekundu, kikavu, chenye kunukia. Basi akachonga vibanzi vyembamba kama karatasi, na magome yake yenye nyuzi akayafikicha mikononi hata yakawa laini kama pamba.

Alichagua mahali palipoinuka, hatua kadhaa kutoka kwenye lori, ambapo upepo ulizuiwa na ua. Alitandika fito chini, ili moto usilale juu ya tope. Akapanga kuni kwa unene wake mafungu manne: kama majani, kama njiti za kiberiti, kama vidole, na kama mkono. Wawili wetu tulishika turubai juu yake. Kiberiti kilikuwa na njiti sita tu. Kwa njiti moja aliwasha kipande cha mshumaa, na kwa mshumaa akawasha zile nyuzi. Hivyo njiti tano zilibaki akiba. Alipuliza polepole kutoka chini, akiongeza vibanzi kidogo kidogo. Kuni mbichi alizisimamisha kando ya moto zikauke kwanza.

Sababu ya uvumilivu huo ni hii: ukuni haushiki moto mpaka joto lake lipite digrii 250 hivi, na maji yaliyomo ndani huchemka mapema na kulila joto hilo. Basi anayetupa ukuni uliolowa juu ya moto mchanga huuzima kwa mkono wake mwenyewe. Hata wazee wa kale, waliopekecha ulindi juu ya ulimbombo, walivitunza vijiti hivyo visipate unyevu.

Tulimvua kijana nguo zilizolowa, tukamvika blanketi na magunia makavu, tukamnywesha chai yenye sukari nyingi. Baada ya muda alianza kutetemeka tena, jambo lililomfurahisha mzee, kwa kuwa mwili ulikuwa umerudi kujipigania. Usiku wa manane alizungumza vizuri. Asubuhi trekta ilikuja kutuvuta.

Kabla ya kuondoka mzee aliyamwagia makaa maji, akayakoroga, akapitisha mgongo wa mkono juu yake kuhakikisha kwamba yamepoa. Milima hiyo ni chanzo cha mito, na moto ulioachwa waweza kujificha mizizini na kuzuka wakati wa kiangazi. Nawe, ndugu msomaji, usiwashe moto ndani ya msitu wa hifadhi bila ruhusa.

Kila apitaye nchi za baridi na aweke ndani ya gari au mfuko wake kiberiti katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, mshumaa, panga, mfuko wa vibanzi vikavu, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambao huwaka hata ukilowa. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na wahenga walisema kwamba akiba haiozi.