Siku ya Mwisho Kozhikode

Mwezi Mei 2017, siku chache kabla ya Ramadhani, nilifunga mizigo katika nyumba moja ya Kuttichira, mtaa wa kale wa Waislamu mjini Kozhikode, katika jimbo la Kerala, India. Masomo yalikuwa yamekwisha. Kwetu Malindi walinisubiri niwahi kufunga nao, na Umma, mama wa nyumba ile, alitamani nifunge pale. Hakunizuia kwa maneno. Alipika tu: leo pathiri, mikate myembamba ya unga wa mchele, kesho unnakaya, ndizi zilizopondwa, zikajazwa nazi na sukari, zikakaangwa.

Nilifika kwao kwa sababu ya Oman. Uppa, mumewe, alifanya kazi Maskati kwa miaka mingi pamoja na Waomani wenye asili ya Unguja, akaokota Kiswahili cha salamu na cha sokoni. Aliposikia kuna msichana wa pwani ya Kenya asiye na pa kukaa, alikuja chuoni kunichukua, akaja na binti zake wawili ili nisiogope. "Watu wenu walinilisha Maskati," aliniambia. Kodi hakutaka kuisikia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mbuzi. Wana mbuzi ya nazi kama yetu, ile ya kuketi juu yake, na Umma alipoona ninavyokuna alicheka kwa furaha. Tangu hapo nazi ya asubuhi ikawa kazi yangu, na Kimalayalam changu chote nilijifunzia pale jikoni.

Nyanya yangu alifariki Malindi nikiwa katikati ya mitihani, na nauli ya kwenda kuzika haikuwapo. Wanawake wa nyumba ile walikaa nami, tukasoma Yasini, wakapika na kugawa chakula mtaani kwa niaba ya mtu ambaye hawakumjua. Uppa alikwenda Msikiti wa Mishkal, msikiti wa mbao uliojengwa na mfanyabiashara mwenye majahazi katika karne ya 14 na kuchomwa moto na Wareno mwaka 1510. Akina baba wa Kuttichira wakamswalia nyanya swala ya ghaibu. Wao ni Mashafii kama sisi. Hakuna kilichohitaji kuelezwa. Siku ile niliacha kujiita mpangaji.

Ndiyo maana kuondoka kulikuwa kuzito. Umma aliagana nami mlangoni. Alinishika kichwa akaniombea dua, akanipa chupa ya achari ya embe na halua iliyofungwa kwa karatasi, kisha akaingia ndani. Ndege ilikuwa ya usiku, kwa hiyo Uppa na binti zake wakanipeleka kwanza Kappad, ufuo ulioko kaskazini mwa mji.

Pwani ya Kappad ina minazi, mchanga mpana na miamba inayoingia baharini. Kusi lilikuwa limeanza. Mawimbi yalipiga kwa nguvu na mashua za wavuvi zilikuwa zimevutwa juu. Tulikula maembe mabichi yaliyolowekwa kwa maji ya chumvi na pilipili, tukatembea tukiwa tumeshika viatu mkononi. Hatukuzungumza sana. Upepo ulitoka kusini-magharibi, upande wa kwetu.

Karibu na ufuo kuna jiwe lenye maandishi kwamba Vasco da Gama alitua hapo mwaka 1498. Kwetu Malindi kuna nguzo ya Wareno hao hao, tulikuwa tukipelekwa kuiona na walimu wa shule ya msingi. Aliondoka Malindi mwezi Aprili akiwa na rubani aliyepatiwa na mfalme wa Malindi, akafika pwani ya Kozhikode mwezi Mei. Shuleni tulifundishwa jina la nahodha wa Kireno. Pale kwenye jiwe nilimfikiria zaidi rubani. Njia aliijua kwa sababu watu walikuwa wameipita kwa karne nyingi, wakienda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Na katikati ya pepo hizo mbili msafiri alilazimika kungoja ugenini kwa miezi. Alilala nyumbani kwa mtu. Alikula kwenye sinia la mtu. Akiugua, aliuguzwa na mtu. Akifa, alizikwa na hao hao.

Majina ya wenyeji hao hayamo katika vitabu wala hayakuchongwa kwenye mawe, lakini bahari hii ilipitika kwa sababu yao. Upepo peke yake usingetosha.

Jioni Uppa alinifikisha uwanja wa ndege wa Karipur, nikafika Malindi mwezi haujaandama.

Leo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na vyuo vya Mombasa vina wanafunzi waliotoka mbali na kwao. Wengi hawamjui mtu hata mmoja mjini. Wewe msomaji mwenye chumba kinachokaa bure, mfungulie mmoja wao. Usimhesabu mpangaji. Mpe kazi ya jikoni, na kwao kukitokea msiba, kaa naye matanga.