Asilimia Mbili ya Nini?

Nafundisha hesabu katika shule ya serikali huko Oakland, California, tangu 2011. Kila mwezi mshahara wangu hukatwa asilimia 10.25 kwenda CalSTRS, mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo hili. Walimu wa hapa hatuchangii hifadhi ya jamii ya taifa, kwa hiyo pensheni hiyo ndiyo uzee wangu. Zamani makato yalikuwa asilimia 8, hadi sheria ya 2014 ilipoyapandisha hatua kwa hatua ili kuziba pengo la mfuko. Tangu hapo nafuatilia taarifa zake kama wenzangu wanavyofuatilia ligi.

Sehemu ndogo ya fedha zetu huenda kwa mameneja wanaowekeza katika kampuni changa. Desturi ya biashara hiyo ni kutoza asilimia 2 ya mtaji kila mwaka, pamoja na asilimia 20 ya faida. Asilimia 2 inasikika ndogo mpaka uulize: ya nini? Meneja wa mfuko wa dola milioni 50 hupata milioni 1 kwa mwaka, ya kulipia ofisi na mishahara. Akitaka utajiri, lazima kampuni zake zifanikiwe. Meneja wa mfuko wa bilioni 1 hupata milioni 20, kampuni zistawi au zife. Huyo ameshashiba kabla ya mavuno.

Kuna hesabu nyingine. Tuseme mfuko unamiliki asilimia 15 ya kampuni inayouzwa kwa dola milioni 500. Unapata milioni 75. Kwa mfuko wa milioni 50, mauzo hayo peke yake yamerudisha mtaji wote na ziada. Kwa mfuko wa bilioni 1, ni asilimia 7.5 tu ya mtaji. Ili mfuko huo mkubwa urudishe mtaji wake mara tatu, kampuni zake zinapaswa kufikia thamani ya bilioni 20 kwa jumla. Kampuni za namna hiyo haziongezeki kwa sababu tu fedha zimeongezeka.

Mwaka 2012 Kauffman Foundation ya Kansas City iliweka hadharani hesabu zake za miaka 20 katika karibu mifuko 100. Kati ya mifuko 30 yenye zaidi ya dola milioni 400, ni minne tu iliyoshinda faida ambayo mtu angeipata kwa kununua hisa za kampuni ndogo sokoni. Miaka mitano baadaye SoftBank ilizindua Vision Fund, uliokaribia dola bilioni 100. WeWork, mojawapo ya kampuni ilizozimwagia fedha, ilithaminiwa bilioni 47 mwanzoni mwa 2019. Novemba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Udogo nao si dawa. Benchmark iliweka dola milioni 6.7 katika eBay mwaka 1997, na miaka miwili baadaye hisa hizo zilikuwa na thamani ya mabilioni. Lakini mifuko midogo mingi hufa kimya, na hakuna anayeiandikia habari.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba CalSTRS ina zaidi ya dola bilioni 300. Ikitenga asilimia 1 tu, hiyo ni bilioni 3. Kuzigawa kwa mifuko ya milioni 50, hata ikichukua nusu ya kila mmoja, kunahitaji mifuko 120 ya kuchunguza na mikataba 120 ya kusimamia. Ni rahisi zaidi kwenda kwa wakubwa wachache. Huo si uzembe, ni uzito. Wingi wetu unaonipa usalama ndio huo huo unaotufungia milango midogo.

Vikao vya bodi viko wazi kwa umma, nami nimeandaa swali moja. Tukishaondoa ada zote, kila dola tuliyowapa mameneja wakubwa imerudi na nini, ikilinganishwa na dola iliyobaki soko la hisa? Wanafunzi wangu wa darasa la nane wanaweza kulijibu, wakipewa namba.