Kabla mtoto hajafika kwenye kisu, mzazi aulize

Siku mtoto alipozaliwa, nesi aliwaambia wazazi wake, wakazi wa Morogoro: huyu msimtahiri kwanza. Tundu lake la mkojo lilikuwa chini ya uume badala ya kwenye ncha. Madaktari huiita hali hiyo haipospadia, na huwapata takriban mvulana mmoja katika kila 200 hadi 300. Onyo la nesi lilikuwa na sababu: ngozi ya govi ni akiba ambayo daktari anaweza kuihitaji anapotengeneza njia mpya ya mkojo.

Mambo ya sehemu za siri husemwa kwa kunong'ona, hivyo hata ushauri huja kwa kunong'ona. Babu alikuwa akiuliza tohara ni lini. Rafiki wa baba akamtaja daktari mmoja anayesifiwa kwa kutahiri watoto. Bei yake nafuu, na nafasi ipo Jumamosi hiyohiyo.

Mama akaenda kumwona. "Daktari, watoto wenye tatizo hili umeshawafanyia wangapi?"

"Mama, hii ni kama tohara tu."

Alimshukuru, akambeba mwanawe, akaenda kuomba rufaa.

Upasuaji huu ni kazi nyingine kabisa. Mshono ukiachia, mkojo huvuja pembeni. Kovu likikaza, njia hubana. Kurudia ni kugumu zaidi, maana ngozi nzima imeshapungua. Nafasi nzuri kuliko zote ni ile ya kwanza.

Katika hospitali ya rufaa walikutana na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Mama alikuwa ameandika maswali yake kwenye simu. Kwa mwaka anafanya wangapi? Wangapi hurudi na tatizo? Atakayeshika kisu ni yeye mwenyewe au mwanafunzi wake? Dawa ya usingizi atampa nani, na amezoea watoto wachanga? Mpira wa mkojo ukichomoka usiku nyumbani, wampigie nani?

Bingwa alijibu moja baada ya jingine bila kukunja uso. Alikiri kuwa baadhi ya watoto wake walirudi kurekebishwa. Baba aliguna kwa hofu, lakini mama alipata imani hapo: anayejua idadi ya walioharibikiwa huwafuatilia wagonjwa wake. Usajili wa daktari nao unaweza kuulizwa; nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Walipangiwa tarehe miezi mitatu mbele. Mtoto alikuwa na miezi 8, na umri unaopendekezwa ni kati ya miezi 6 na 18, kwa hiyo kungoja hakukumpunguzia kitu.

Ilibaki kumweleza babu. Mama alimwambia yote waziwazi, na kwamba tohara itamalizwa na bingwa huyohuyo, siku hiyohiyo.

Mzee alinyamaza kidogo. "Basi asubiri," akasema. "Haraka ya nini?"